Umeambiwa Una Umbo la Modo? Kabla Upande Feri, Soma Hii Kwanza

Skiza. Tuseme wewe ni msichana wa Mtongwe. Una miaka 19, shule umemaliza, na urefu wako umekuwa stori ya mtaa tangu darasa la sita. Makanga wa stage ya Likoni wanakuita twiga. Bibi yako kila ukiingia jikoni anakwambia uiname, usije ukabeba makuti na kichwa. Halafu siku moja uko kwa foleni ya feri, simu inalia. Ni DM. Mtu usiyemjua, profaili yake ni nembo ya dhahabu, ameandika: "Hi dia, una sura ya kimataifa. Ushawahi fikiria kuwa modo?"

Moyo unaruka. Usikatae, umeruka.

Beshte yako atakwambia futa hiyo kitu haraka, ni matapeli. Mwingine atakwambia wacha ujinga, changamka, hiyo ndiyo njia ya kuomoka. Na ngori ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu siku za kwanza za hii kazi, ukweli na utapeli hufanana kama mapacha. Modo wa kweli, mwenye ejensi ya kweli, siku zake za mwanzo pia ni za aibu, njaa na kungoja bila kujua unangoja nini. Kwa hivyo ukiambiwa "vumilia, kila mtu alianzia hapa," unaamini, juu ni ukweli. Ni ukweli nusu. Hiyo nusu ingine ndiyo inakula watu.

Nataka tutenganishe hizo aibu mbili. Kuna ile ya kujifunza kazi, ambayo huwezi kuiruka. Na kuna ile ambayo mtu mwingine anaitengenezea doh.

Aibu ya kwanza: mwili wako unakukataa

Tuanze na ya kujifunza, maana hii ni ya kuchekesha.

Unadhani kutembea unajua. Umetembea tangu ukiwa na mwaka mmoja. Halafu unavalishwa viatu vya visigino vya inchi nne, unaambiwa tembea mpaka pale, simama, geuka, rudi. Ghafla hujui mikono huwekwa wapi. Mabega yanapanda mpaka masikioni. Macho yanaangalia chini kama mtu ameangusha mbao mchangani. Ukiambiwa usicheke, unacheka. Ukiambiwa uso ulegee, unakuwa kama mtu ameamshwa saa kumi usiku.

Na mazoezi utayafanyia wapi? Mchangani kisigino kinazama. Sebuleni ni hatua sita umegonga televisheni. Unabaki na ile koridoo ya ploti, ambapo majirani wote wamekaa nje wakipunga upepo, na mama wa nyumba ya tatu anakuuliza kwa roho safi kabisa, "Mwanangu, kwani umeumia mguu?" Ndugu zako wadogo wanakuiga mpaka kufikia jioni mtaa mzima unatembea hivyo. Umechoma picha kabla hata hujapigwa picha.

Hii yote ni kawaida. Hakuna njia ingine. Mwili unajifunza polepole, kama vile kuogelea: unakunywa maji ya chumvi kwanza.

Halafu kuna futi ya fundi. Hapa ndipo wengi hutoka wakilia. Jukwaa za ng'ambo kwa wasichana huwa zinataka urefu wa kati ya sentimita 175 na 180 hivi, kwa wavulana 185 hadi 190. Watakupima kifua, kiuno, nyonga, wakiandika namba bila kukuangalia usoni. Umerauka usiku, umepanda treni ya asubuhi pale Miritini mpaka Nairobi, umebandikwa namba kifuani, umengoja masaa matano, unatembea mara moja, unaambiwa "asante." Imeisha. Hawakwambii umefeli nini. Mara nyingi hujafeli kitu, walikuwa wanatafuta mtu wa kuingia kwa nguo ambayo tayari imeshonwa. Nguo haikubadilikii wewe. Viatu pia ni hivyo hivyo: unapewa saizi iliyopo, na ikiwa mguu wako ni mkubwa, utaukunja vidole na utatembea kama hakuna kitu.

Picha nazo? Wengi wa mtaani hufikiria ni lazima uende na albamu ya mekapu nzito, taa za rangi na luku kumi. Ejensi ya kweli ikitaka kukuona mara ya kwanza inataka kinyume chake: uso mtupu, nywele nyuma, jinzi nyeusi ya kubana na fulana, umesimama mbele ya ukuta mweupe karibu na dirisha. Mbele, ubavuni, mwili mzima. Simu ya beshte yako inatosha. Weka hiyo kwa kichwa, tutairudia tukifika kwa pesa.

Si ndoto ya kijinga

Ukitafuta Mtongwe kwa mtandao utapata mambo mawili: kambi ya wanamaji, na ile feri iliyozama tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Mitindo hutaiona. Kwa hivyo mtoto wa hapa akisema anataka kuwa modo, wazee hucheka. Lakini mwezi mmoja tu kabla ya msiba ule, Machi 1994, hapa hapa Mombasa alizaliwa Malaika Firth, akahamia Uingereza akiwa mdogo, na kufika 2013 alikuwa kwa tangazo la Prada. Kampuni hiyo ilikuwa haijaweka msichana mweusi kwa matangazo yake ya nguo za kike tangu Naomi Campbell mwaka 1994. Ajuma Nasenyana naye alitoka Turkana, alikuwa mkimbiaji kabla ya mtu yeyote kumwambia apunguze mwendo na atembee. Kabla yao wote kulikuwa na Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi Nairobi, mpiga picha Peter Beard akamuona na 1975 akaanza kazi New York.

Kwa hivyo mlango upo. Lakini huyo ambaye nataka umwangalie vizuri, hasa kama wewe ni mtoto wa Kiislamu na kila ukivaa unasikia sauti ya mathe nyuma ya kichwa, ni Halima Aden.

Sanduku la hijabu

Halima alizaliwa kambi ya Kakuma mwaka 1997, familia yake imekimbia vita Somalia. Kiswahili anakijua, alikipata huko kambini. Akiwa na miaka kama saba walipelekwa Marekani, mwishowe wakakaa St. Cloud, jimbo la Minnesota. Mwaka 2016 aliingia shindano la Miss Minnesota USA akiwa na hijabu, na kwa raundi ya nguo za kuogelea akavaa burkini. Hakushinda. Alifika nusu fainali, lakini picha zikazunguka dunia, na mapema 2017 akasaini na IMG, moja ya ejensi kubwa kabisa. Februari hiyo akatembea kwenye shoo ya Kanye West ya Yeezy. Wakati huo, wasee, alikuwa mtu ambaye juzi tu alikuwa anafanya kazi ya usafi hospitalini.

Sasa angalia vile aliingia. Kabla asaini, aliweka masharti. Hijabu haitoki. Wanaume hawatamgusa kumvalisha. Atapewa sehemu yake ya siri ya kubadilishia nguo. Haya yaliandikwa kwenye mkataba. Msichana wa miaka 19, bila jina, anaambia kampuni kubwa "hivi ndivyo nilivyo, ama tuachane." Na wakakubali.

Mwaka wake wa kwanza alikuwa anabeba sanduku lake kwenda kazini. Ndani ni hijabu zake, magauni marefu, sketi. Si kwa kujipendekeza: wastailisti hawakuwa na kitu cha kumvalisha, na wengine hawakujua wafanye nini naye. Kwa tangazo la Fenty Beauty la Rihanna alivaa hijabu yake mwenyewe, nyeusi, ya kawaida tu. Fikiria hiyo aibu. Wenzako wote wameingia mikono mitupu, wewe umevuta sanduku kama unaenda hija. Lakini hiyo ni aibu ya aina ya kwanza. Ilimlinda.

Kilichofuata ndicho cha kutisha, kwa sababu hakikuja kwa kishindo. Kazi zilivyoongezeka, sanduku likaachwa. Hijabu ikaanza kupungua. Mara shingo iko nje. Mara si hijabu tena, ni kitambaa fulani. Mpaka siku moja kwa kampeni ya jinzi, alifungwa suruali ya jinzi kichwani mahali pa hijabu. Hakuna aliyevunja mkataba waziwazi. Kila siku ilikuwa hatua moja ndogo, na kila hatua ilikuwa na mtu mzuri anayetabasamu akisema itapendeza kwa picha. Wakati huo huo ndipo umaarufu ulikuwa unapaa: jalada la British Vogue Mei 2018, halafu 2019 Sports Illustrated wakampiga picha na burkini hapa hapa kwetu, ufuo wa Watamu.

Novemba 2020 akaacha. Alisema mamake alikuwa amemwomba aache zamani sana. Alisema amejipoteza. Na kwa mahojiano na BBC mwanzoni mwa 2021 alisema kitu ambacho mimi ndicho kilinishika zaidi ya hiyo stori ya jinzi. Kile kijichumba chake cha kubadilishia, kilichozungushiwa pazia, aligundua wasichana wengine wa hijabu waliokuja nyuma yake hawapewi. Wao waliambiwa watafute choo wabadilishie huko.

Rudia hapo. Shoo ile ile, dini ile ile, hijabu ile ile. Mmoja ana chumba, mwingine choo. Tofauti yao si urembo wala urefu. Mmoja alisema kabla ya kusaini, na ikaandikwa. Usidhani kwa sababu mmoja amepewa, basi ni desturi, utapewa pia. Hii biashara haina huo ukarimu. Kile hukukiweka kwa karatasi, siku ya kazi ni kama hukukitaja.

Wapo watakaosema basi msichana wa Kiislamu asiguse hii kazi kabisa, Halima mwenyewe si alitoka. Hiyo ni kati yako na mama yako, na mimi siingii. Ninachosema ni kwamba hata yeye, akiwa na mkataba mzuri kuliko wa wengi, ilimchukua miaka karibu minne kuona anasukumwa. Wewe ambaye huna mkataba wowote utaona lini?

Kakuma ile ile, stori ingine

Kama unadhani Halima ndiyo mfano wa kutisha, ngoja.

Oktoba 2023 gazeti la Uingereza, Sunday Times, lilichapisha uchunguzi kuhusu vijana kutoka hiyo hiyo kambi ya Kakuma. Baada ya wasichana wenye asili ya Sudan Kusini kama Adut Akech, ambaye pia alilelewa Kakuma, kuwa majina makubwa duniani, watu wa ejensi walianza kutafuta sura kambini. Vijana wakapimwa, wakapigwa picha, wakasaini, wakapandishwa ndege kwenda Ulaya. Wengine walifanya kazi kidogo, wengine karibu hakuna. Baada ya wiki au miezi wakarudishwa kambini. Na waliporudi, badala ya pesa, walikuwa na karatasi inayosema wao ndio wanadaiwa. Maelfu ya yuro. Mtu anayekula chakula cha msaada anadaiwa maelfu ya yuro.

Upande wa ejensi ulijitetea kwamba kulipia gharama kwanza na kukata baadaye ndiyo desturi ya kazi. Na hapo, ukweli usemwe, hawakudanganya. Hiyo ndiyo desturi. Ndio maana nataka tuifungue polepole, kwa namba. Hizi namba ni zangu za mfano, lakini mchezo unachezwa hivi.

Umeitwa Ulaya wiki sita. Unaambiwa tiketi "imelipwa." Nyumba "imelipwa." Unafurahi, unapiga picha ya pasipoti unaweka status. Lakini "imelipwa" kwa lugha yao ni "umekopeshwa." Tiketi yuro 700. Viza 90. Kitanda kwenye nyumba ya mamodo, chumba cha watu wanne, 250 kwa wiki, mara sita ni 1,500. Picha za majaribio 400. Kadi zenye picha na vipimo vyako 100. Pesa ya mfukoni 100 kila wiki, ni 600. Jumla 3,390.

Sasa kazi. Umepata shoo mbili za 500 na picha za duka moja za 800. Hiyo ni 1,800, na kwa mtu wa Mtongwe hiyo ni ndoto. Ejensi inakata kamisheni yake ya asilimia 20, inabaki 1,440. Toa kwenye deni. Umefanya kazi wiki sita, umetembea odisheni nane kwa siku na ramani kwenye simu, umekula tambi, umerudi nyumbani, na unadaiwa 1,950. Sijaweka ushuru. Sijaweka mgao wa ejensi mama, ile iliyokutoa nyumbani, ambayo wakati mwingine inalipwa na ile kubwa na wakati mwingine inakukata wewe.

Na wewe huko nyumbani umesharudi na begi, na mtaa mzima unajua ulikuwa majuu. Binamu anataka ada. Mjomba anataka simu. Utamwelezaje bibi yako kwamba umetoka Paris na deni?

Hii ndiyo aibu ya aina ya pili. Unaijua kwa sababu kuna mtu ambaye faida yake inategemea wewe kutouliza. Ejensi ikipeleka vijana kumi, mmoja akiomoka ashalipia wote. Wale tisa walikuwa tiketi za bahati nasibu, na kila tiketi imeandikiwa deni lake yenyewe.

Huko New York wameanza kuliona hili. Sheria inaitwa Fashion Workers Act, ilisainiwa Desemba 2024 na kuanza kazi 19 Juni 2025. Ejensi haziruhusiwi kukutoza pesa ya kujiunga. Lazima zikupe nakala ya mkataba. Kamisheni isipite asilimia 20. Na sura yako isitengenezewe pacha wa akili bandia bila ruhusa yako kwa maandishi. Hiyo ya mwisho usiione ya mbali. Agosti 2025 Vogue ya Marekani ilibeba tangazo la Guess ambalo mrembo wake hajawahi kuzaliwa, ni kompyuta imemchora. Sasa fikiria zile picha arobaini za mbele, ubavu na mwili mzima ulizotumia namba usiyoijua kwa WhatsApp. Ziko wapi saa hii?

Turudi kwetu

Lakini wacha tuwe wakweli, wengi wetu hatutafika kudaiwa Paris. Wengi tutaliwa hapa hapa, kwa pesa ndogo ndogo.

Ni ile "ejensi" ya mjini inayokwambia umechaguliwa, halafu lipa ada ya kusajiliwa. Halafu lipa albamu ya picha, na lazima upigwe na mpiga picha wao. Halafu lipa darasa la kutembea. Halafu lipa fulana ya mazoezi. Kila mara ni thao mbili, thao tatu, haziumi sana, mathe anachomoa kwa chama. Kumbuka nilikwambia picha ya kwanza ni simu na ukuta mweupe. Ejensi inakula ukila: inakata kwa kazi iliyokupatia. Ikiwa inakula kabla hujapata kazi yoyote, basi kazi yao ni wewe.

Darasa la kutembea si lazima liwe utapeli, nisieleweke vibaya. Kuna watu hapa Mombasa wanafundisha vizuri na wanastahili kulipwa. Lakini mwalimu anajiita mwalimu, anakwambia bei ya somo, unalipa, unajifunza, mnaachana. Hakuahidi Dubai.

Halafu ni ile shoo ya hotelini ya "tutakupa jina, pesa itakuja." Mara ya kwanza nenda, kama umetaka, pata picha na uzoefu, hata mimi sitakucheka. Mara ya tatu jiulize: mtu wa maspika alifanya kwa jina? Mwenye mahema? Mpishi wa biriani je? Kama wote walilipwa na wewe uliyevaa nguo hukulipwa, basi wewe ndiye uliyefadhili hiyo shoo.

Na kuna ile mbaya zaidi, ambayo pwani hii hatuhitaji kusimuliwa. "Modo" na "mhudumu wa maonyesho" ni majina yanayoweza kuvishwa kazi yoyote ng'ambo. Tangu 2022 serikali imekuwa ikionya kuhusu kazi za Thailand ambazo vijana wa Kenya walizifuata wakajikuta Myanmar, wamefungiwa wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Tangazo lilikuwa la kazi nzuri, tiketi ilikuwa "imelipwa." Umeanza kuzoea hilo neno, si ndio?

Sheria ipo, itumie. Ile ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu, ya 2010, ina kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Yeyote anayeajiri watu kwenda nje anatakiwa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha iko wazi, unaangalia kwa simu ukiwa umekaa kwa kibaraza. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu kwenda juu iwe na mkataba wa maandishi. Wengi watakwambia modo si mwajiriwa, ni mtu wa kujitegemea. Sawa, basi kama najitegemea, mbona karatasi inasema siwezi kufanya kazi na mtu mwingine miaka mitano? Uliza hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida. Utaona sura.

Na ukipewa karatasi, usisainie hapo hapo. Najua watakwambia gari linaondoka. Beba, vuka feri, nenda nayo nyumbani. Mpe mtu anayesoma Kiingereza cha mahakama vizuri, awe mwalimu wako wa zamani, awe karani wa wakili, awe yule jirani mstaafu anayependa kulaumu serikali. Mwambie akutafutie mistari inayosema nani analipa nini, na ikilipwa na wao, inarudi kwao vipi. Mwambie akutafutie mstari unaosema ukishindwa kupata kazi, deni linaenda wapi. Ikiwa deni linabaki kwako milele, hiyo si ajira, ni mkopo wenye mekapu.

Kama huna miaka 18, hii stori haikuhusu bila mzazi kuwa chumbani. Hapo sina mjadala.

Sasa turudi kwa foleni ya feri, simu iko mkononi, ile DM bado inakuangalia. Usifute. Usirukie pia. Jibu kwa heshima, kama mtu wa kazi anavyomjibu mtu wa kazi: "Asante. Naomba jina kamili la kampuni na namba ya usajili. Pesa ya kwanza inatoka kwa nani kwenda kwa nani? Na siku ya kazi, nitabadilishia nguo wapi?"

Hilo swali la mwisho litamshangaza. Wachache sana huuliza. Mtu wa kweli atacheka kidogo kisha atakujibu, kwa sababu analo jibu. Akikuonyesha tiki mbili za bluu halafu kimya, weka simu mfukoni, geti limefunguliwa, watu wanasukumana, shika begi lako vizuri.